Mchanga ni kimiminika? Namna ya kuwafundisha watoto chembe za yabisi, kimiminika na gesi

Chaki_na_Ubao (mleta mada)

Heshima kwenu wakuu, hasa walimu wa sayansi shule za msingi.

Mada ni hali tatu za maada, Darasa la Tano. Wanafunzi 68 chumba kimoja, maabara hakuna, friji ni ya kuazima duka la jirani, bajeti kama elfu kumi. Kukariri wanakariri vizuri: yabisi ina umbo lake, kimiminika hufuata umbo la chombo, gesi hujaza chombo chote. Ukiwatoa nje ya sentensi hizo ndipo yanakuja haya:

"Mchanga ni kimiminika kwa sababu unamiminika na unafuata umbo la ndoo."

"Katikati ya chembe za hewa kuna hewa."

"Barafu ikiyeyuka, chembe zake nazo zinayeyuka zinakuwa laini."

"Sukari kwenye chai imekuwa kimiminika."

Michoro nayo: yabisi wanabananisha nukta, kimiminika wanaziachanisha kiasi, gesi wanaziachanisha zaidi. Mchoro wa namna hiyo umejaa vitabuni, kwa hiyo sijui hata kama kosa ni lao.

Nianze na nini, vifaa gani vya bei ya chini vinafanya kazi kweli, na ni wapi huwa panaharibika? Karibuni.

---

Mizani_Mbili

Mwalimu, kabla hujanunua chochote kagua maneno. Hao watoto wamekosea sayansi, ila Kiswahili chao hakina kasoro, ndiyo maana kuwarudia ufafanuzi uleule hakuwatoi walipo.

Kimiminika ni kitu kinachomiminika. Mchanga unamiminika, mchele unamiminika, unga unamiminika. Mtoto amelifuata neno mpaka mwisho wake. Usimjibu "hapana", mpe sinia. Amimine kikombe cha mchanga mkavu katikati ya sinia moja, na kikombe cha maji kwenye sinia la pili. Mchanga unasimama kama kichuguu na kubaki hivyo. Maji yanatandaa mpaka ukingoni na uso wake unalala sawa. Kisha achukue punje moja ya mchanga, aihamishe kutoka kiganjani kwenda kwenye kizibo, kutoka kwenye kizibo kwenda juu ya daftari. Umbo la punje limebadilika? Halijabadilika. Lililomiminika ni kundi la punje, na kila punje ni yabisi.

Malizia na bilauri ya mililita 200 iliyojaa mchanga mkavu mpaka mdomoni. Mimina maji taratibu kabisa: itameza mililita 60 hadi 80 kabla ya kufurika, na viputo vitapanda. Hiyo ni hewa iliyokuwa katikati ya punje. Jambo hili lishike, utalihitaji baadaye.

Neno la pili linalotuponza ni chembe lenyewe. Nyumbani mtoto amesikia chembe ya mchele, chembe ya chumvi, "hakubakiza hata chembe". Ukimwambia sukari imeundwa kwa chembe anaziangalia punje kwenye kopo na kukubali haraka, anaona umesema jambo la wazi. Tenganisha siku ya kwanza: kinachoonekana kwa macho ni punje, na chembe ni ile isiyoonekana hata kwa hadubini ya shule. Punje moja ya sukari ina chembe za sukari zinazohesabika kwa mamia ya mamilioni ya mabilioni. Ukishateleza mara moja ukasema "chembe za mchanga" ukimaanisha punje, umerudi ulikoanzia.

Halafu kuyeyuka. Barafu inayeyuka, samli inayeyuka, na sukari kwenye chai tunasema imeyeyuka. Neno moja, mambo mawili. Barafu inahitaji joto tu. Sukari kwenye chai inahitaji maji, ambayo chembe zake zinazing'oa chembe za sukari na kuzitawanya katikati yao. Hiyo iite kumumunyika, kila siku, bila kuchoka. Sukari peke yake inayeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 186, na chai haifiki huko hata ichemke vipi.

Kuganda ndiyo balaa zaidi: maji yanaganda, damu inaganda, maziwa yanaganda yakawa mtindi. Kipimo rahisi ni kurudi. Pasha barafu, yanarudi maji yaleyale. Pasha mtindi uone kama utapata maziwa fresh. Hapo hakuna kubadili hali ya maada, kuna kitu kipya kimetengenezwa.

Na gesi: kwa mtoto wa mjini gesi ni mtungi wa jikoni, kitu kinachonuka na kuwaka. Usiutumie huo mtungi kama mfano wa gesi. Ukiutikisa mdogo wa kilo 6 unasikia kitu kikicheza ndani, kwa sababu sehemu kubwa ya kilichomo ni kimiminika kilichobanwa kwa shinikizo, kinageuka gesi kadiri unavyofungua. Anza na hewa.

---

Ncha_Imetolewa

Mizani_Mbili kamaliza upande wa maneno. Mimi nije kwenye hewa, na kifaa ni bomba la sindano jipya kutoka duka la dawa, bila sindano. Bei yake ni shilingi mia chache. Usikubali mtoto alete lililotumika, hata kama kaokota "safi". Sindano zitoe wewe nyumbani na kuzitunza, zisifike darasani kabisa.

Ukubwa una maana kuliko watu wanavyodhani. Kuibana hewa mpaka nusu ya ujazo wake unapambana na shinikizo la ziada sawa na la angahewa, yaani kama uzito wa kilo moja kwa kila sentimita mraba ya pistoni. Bomba la mililita 60 pistoni yake ina eneo la kama sentimita mraba 6, hivyo mtoto anatakiwa asukume kama anabeba kilo 6 kwa dole gumba. Hawezi, na atakwambia hewa haibaniki. La mililita 20 ni kama kilo 3. La mililita 5 ni kilo moja na kidogo, ila alama zake ni ndogo kuzisoma. Nunua ya 10 au 20.

Vuta hewa mpaka 20. Ziba mdomo kwa ncha ya kidole cha shahada, bonyeza hasa. Sukuma. Inafika 10, wenye nguvu 8. Achia pistoni huku kidole bado kimeziba. Inaruka kurudi 18 au 19. Haifiki 20 kamili kwa sababu mpira unasuguana na ukuta. Ikirudi 14 au 12, hewa imevuja kwenye kidole, rudia. Hilo la kurudi ndilo somo, kwa hiyo usimwache mtoto akatoa kidole mapema akasikia "fyuu" na kucheka.

Sasa maji. Hapa ndipo wengi huharibu. Vuta maji mpaka 15, geuza mdomo juu, gonga ubavu wa bomba kwa kucha mpaka viputo vyote vikusanyike juu, kisha sukuma polepole mpaka hewa yote itoke na tone la maji litokeze. Ndipo uzibe. Ukiacha kiputo cha ukubwa wa punje ya mchele pistoni itasogea kidogo, na darasa zima litaandika "maji yanabanika kidogo". Bila kiputo haisogei kabisa.

Kwa yabisi usijaze mchanga ndani ya bomba. Umeona kwenye bilauri ya jamaa hapo juu kuna nini katikati ya punje. Mpe mtoto gololi, abane kwa vidole, basi.

Swali la kuuliza kabla hawajasukuma, siyo baada: "Nikibana mpaka nusu, chembe za hewa zimepungua? Zimekuwa ndogo? Au zimesogeleana?" Waandike jibu kwanza. Asiyeandika kabla atakubaliana na yeyote atakayesema kwa sauti kubwa.

---

Chaki_na_Ubao

Asanteni sana. Nikigawa makundi ya watu 8 au 9 nahitaji mabomba 8, inawezekana. Lakini hili la "katikati kuna hewa" bomba linalitibuje? Mtoto anaweza kusema chembe zimesogeleana na hewa ya katikati ndiyo imebanwa.

---

Ncha_Imetolewa

Atasema hivyo, tena ni mawazo mazuri. Mrudishie swali: hiyo hewa ya katikati nayo imeundwa na nini? Chembe. Katikati ya hizo chembe kuna nini? Akisema hewa, uliza tena. Mara ya tatu au ya nne mmoja wao atachoka na kusema "hakuna kitu". Mwandikie ubaoni neno lake. Neno la kitabuni ni utupu, lakini "hakuna kitu" la mtoto lina nguvu zaidi kwa wiki ya kwanza.

---

Vizibo_Mia

Naongezea kwenye michoro, maana mleta mada ameshika penyewe. Ule mchoro wa yabisi karibu, kimiminika kati kwa kati, gesi mbali ni mbovu, na ndio unaowafanya watoto waamini maji yanabanika. Kwa vitu vingi, yabisi ikigeuka kimiminika ujazo unaongezeka asilimia chache, tuseme hadi 10. Chembe za kimiminika zinagusana, zimepoteza mpangilio tu. Gesi ndiyo iliyo mbali: umbali kati ya chembe na chembe ni kama mara kumi ya ule wa kimiminika. Gramu moja ya maji ni sentimita mchemraba 1. Ikigeuka mvuke kwenye nyuzi 100 inachukua karibu 1,700. Kijiko kimoja cha chai kinakupa lita 8 na ushee za mvuke.

Achana na penseli kwanza. Kusanya vizibo vya soda, kimoja kina upana wa sentimita 3 na kidogo. Kila kundi vizibo 25.

Yabisi: chora kwa chaki mraba wa sentimita 16 juu ya dawati, panga 5 kwa 5. Vinajaa. Weka kiganja juu, tetemesha. Vinacheza lakini hakuna kinachohama.

Kimiminika: vizibo vilevile 25, mraba wa sentimita 17. Vuruga safu. Sentimita moja tu imeongezeka kila upande, lakini sasa ukivisukuma kwa kidole kimoja kinapita katikati ya viwili na kubadilisha jirani. Hapa waache wacheze. Dakika tano za kusukuma vizibo kwenye huo mraba zinafundisha zaidi ya ubao mzima.

Gesi: vizibo vilevile 25, mraba wa sentimita 160. Dawati halitoshi, itabidi washuke sakafuni. Na huko kushuka ndiko kunakowakaa kichwani.

Baada ya hapo ndipo wachore, kwa masharti mawili. Duara zote ziwe na ukubwa mmoja katika hali zote tatu, maana wengi wanapanua chembe za gesi wakidhani joto linazivimbisha. Pia marufuku kupaka rangi: mtoto anachora chembe ya barafu nyeupe na ya maji ya bluu. Chembe ya maji ni ileile kwenye barafu, kwenye bilauri na kwenye mvuke. Haina ubaridi, haina ulaini, haiyeyuki. Kinachobadilika ni mwendo wake na uhusiano wake na jirani.

Kasoro ya vizibo ni kwamba ukiacha kutikisa vinatulia. Chembe hazitulii. Waambie hivyo wazi, la sivyo watadhani kuna mtu anayezitikisa.

---

Kengele_ya_Mapumziko

Wanafunzi 68 ni mtaji, siyo tatizo. Toka nao uwanjani.

Wanafunzi 16 wawe chembe. Yabisi: wanne kwa wanne, bega kwa bega, kama sentimita 30 kila mmoja, kwa hiyo wote wanaenea kwenye mraba wa mita 1.2. Kanuni: nyayo hazihami, mwili hautulii. Usipotamka hiyo ya pili watasimama kama gwaride, nao wataondoka wakiamini chembe za yabisi zimelala.

Kimiminika: eneo karibu lilelile. Kila ukipiga kofi wabadilishe jirani, lakini bega moja liwe linamgusa mtu muda wote. Kosa la kila mara ni kutawanyika. Ukiona mwanga katikati yao, wasimamishe.

Gesi: umbali mara kumi, mita 3 kati ya mtoto na mtoto, kwa hiyo mraba wa mita 12 kwa 12. Mzunguko wake ni mita 48. Hao 52 waliobaki washikane mikono kuuzunguka, kila mmoja akichukua chini kidogo ya mita moja, wao ndio chombo. Chembe zinatembea haraka, hazikimbii, mikono imekunjwa kifuani ili mtu asipigwe pua. Kila mmoja anakwenda mstari ulionyooka mpaka agonge ukuta au mwenzake, ndipo ageuke. Wakiachwa hivihivi watafanya mambo mawili: kukwepana, na kwenda kuganda ukutani kwa sababu wamekariri "gesi hujaza chombo". Yote mawili yasahihishe hapohapo.

Halafu ukuta wahesabu kwa sauti kila wanapogongwa. Dakika moja. Andika jumla. Ukuta usogee ndani mpaka mita 8 na nusu kila upande, eneo limekuwa nusu, na wanaozidi kwenye mstari watoke pembeni. Dakika moja tena. Chembe ni zilezile 16, mwendo uleule, lakini kila aliyebaki ukutani anagongwa kama mara mbili ya mwanzo. Hapo ndipo waambie: hiki ndicho mlichokisikia kwenye dole gumba mlipobana bomba la sindano.

Joto lioneshe kwa kasi ya makofi. Baridi, makofi ya polepole. Usiache kupiga kabisa.

---

Maji_ya_Mtungi

Mbona mnazunguka? Kubadilika kwa hali chukua barafu, iyeyushe, ichemshe, mtoto ameona zote tatu kwa nusu saa. Rahisi na kila mtu anaijua.

---

Kifuu_cha_Nazi

Mkuu, barafu waone, lakini siyo ya kuanzia. Maji ndiyo yanayovunja kanuni. Mtoto katoka kupanga vizibo, kajifunza yabisi imebanana zaidi, halafu unamwekea barafu inaelea. Maji yakiganda ujazo unaongezeka kama asilimia 9, chembe zake zinajipanga zikiacha nafasi ndani. Ukianza na hiyo, aidha anaacha kanuni au anaacha kuangalia.

Tumia mafuta ya nazi. Yanaganda na kuyeyuka kwenye nyuzi 24 hadi 26 hivi, joto la kawaida tu. Dar mchana ni maji, Njombe mwezi wa saba yanaganda kwenye chupa mpaka uyatoe kwa kijiko. Hakuna moto, hakuna mtoto wa kuungua.

Chukua mafuta safi ya kupikia. Ya nywele yenye manukato mara nyingi yamechanganywa na mafuta ya madini, hayagandi sawasawa. Na usijaribu mafuta ya alizeti, friji ya kawaida haiyagandishi. Weka mililita 30 kwenye kikombe kidogo cha dawa kinachoonesha ndani, piga mstari wa kalamu ya wino usiofutika pale uso ulipo, pima kwenye mzani wa dukani, andika. Friji saa moja, siyo sehemu ya barafu. Usiyakoroge yakiwa yanaganda, hewa itaingia na kukuharibia hatua inayofuata.

Yakitoka yamekuwa meupe, na katikati pamebonyea kama kitovu. Uso umeshuka chini ya mstari. Pima tena: uzito uleule. Hakuna chembe iliyotoka, zimesogeleana tu. Hilo bonde dogo mwache kila mtoto alipitishie kidole.

Sasa chota kipande cha nusu kijiko, kidondoshe kwenye kikombe cha pili chenye mafuta ya nazi yasiyoganda. Kinazama. Fanya haraka, kwenye joto la Dar kinaanza kupotea ndani ya dakika chache. Kikombe cha kwanza kishikwe kwa viganja viwili. Mafuta yanayeyuka kuanzia ukingoni, na uso unapanda kurudi kwenye mstari. Watoto wataona pia kwamba yanalainika kwanza kabla ya kuwa maji. Hiyo ni kwa sababu ni mchanganyiko wa mafuta ya aina kadhaa, hayana nyuzi moja kamili kama barafu.

Baada ya hapo, lete barafu. Chupa ya plastiki ya nusu lita, maji mililita 450, mstari, ikae usiku kucha kwenye friza. Asubuhi inasoma karibu 490. Kioo marufuku, kitapasuka. Mtoto aliyeona nazi ikizama ndiye atakayeuliza kwa nini barafu inaelea, na kuuliza huko ndiko unakokutaka.

---

Maji_ya_Mtungi

Nimekubali kuhusu nazi. Lakini kuchemsha bado mnahitaji maji.

---

Mizani_Mbili

Kuchemsha afanye mwalimu peke yake, watoto wakae mita mbili nyuma. Mambo mawili ya kuangalia. Uliza viputo vya maji yanayochemka vina nini ndani. Wengi watasema hewa. Vile vidogo vya mwanzo, maji yakiwa vuguvugu, ni hewa kweli, ilikuwa imemumunyika ndani. Vile vikubwa vya kuchemka ni maji yenyewe yaliyogeuka gesi.

Pili, mdomo wa birika. Kati ya mdomo na ule "moshi" mweupe kuna nafasi ya sentimita moja au mbili ambapo huoni kitu. Hapo ndipo mvuke ulipo. Ule weupe ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa, yaani kimiminika. Kwenye michoro ya watoto wingu jeupe huandikwa "gesi". Na kidole kisiende kwenye hiyo nafasi tupu, inaunguza kuliko weupe wenyewe.

Mkitumia kipimajoto msishangae kisipofika 100. Arusha maji yanachemka karibu nyuzi 95, Nairobi karibu 94, kwa sababu angahewa huko juu inasukuma kidogo. Kipimajoto hakijaharibika.

---

Karafuu_Pemba

Kwenye kusambaa kwa chembe kuna mitego miwili ambayo haijatajwa.

Ule mchezo wa tone la rangi kwenye maji ya moto na ya baridi: unaonesha jambo la kweli kwa njia ya kudanganya. Rangi inayoenea bilauri nzima ndani ya dakika mbili imebebwa na mikondo ya maji, siyo kwa chembe kupenya moja moja. Kwa kupenya tu, kwenye maji yaliyotulia kabisa, sentimita moja inachukua nusu siku au zaidi. Ukifanya, acha bilauri zote mbili zitulie dakika tano juu ya meza isiyotikisika, maji ya moto yasizidi nyuzi 70 kioo kisipasuke, na rangi iteremshwe hadi chini kwa mrija uliozibwa juu kwa kidole. Usidondoshe kutoka juu. Ukitaka usambaaji wenyewe bila mikondo, gandisha gelatini kwenye kikombe, weka tone la rangi juu, kiache friji, pimeni kwa rula kila siku. Siku mbili tatu utaona milimita zikiongezeka.

Mtego wa pili ni harufu. Usipulizie manukato, darasani kuna mwenye pumu. Menya chungwa kona moja au ponda karafuu kumi kwenye kinu kidogo, madirisha yamefungwa, feni imezimwa. Kila anayesikia harufu anyooshe mkono. Mikono inapanda safu kwa safu, inapendeza. Ila mjiandae na mtoto atakayeuliza: kama chembe za hewa zinakwenda karibu mita 500 kwa sekunde, mbona harufu imechukua dakika nzima kuvuka darasa la mita 8? Jibu ni msongamano. Chembe haiendi hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita kabla haijagonga nyingine na kugeuzwa. Ni kama mtu mwenye haraka anayetaka kukatiza Kariakoo siku ya sikukuu: miguu inakwenda mbio, yeye hafiki. Sehemu kubwa ya harufu inayofika nyuma ya darasa imebebwa na hewa inayozunguka chumbani.

---

Chaki_na_Ubao

Wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Nilivyopanga: kipindi cha kwanza maneno na sinia la mchanga, cha pili mabomba ya sindano, cha tatu vizibo kisha uwanjani, cha nne mafuta ya nazi, cha tano barafu na birika. Chungwa na karafuu nitapachika panapobaki muda. Swali la mwisho dogo: mabomba 8 yatatumika na mikondo mitatu ya darasa, mpira wa pistoni hautakwama?

---

Ncha_Imetolewa

Utaanza kukwama baada ya siku chache za maji na jua. Yakaushe kivulini, pistoni ikiwa imetolewa nje ya bomba. Ukikwama paka tone moja la gliserini kutoka duka la dawa. Mafuta ya kupikia usiweke, hata hayo ya nazi, yanauvimbisha mpira na bomba linakufa kabisa.